Mtandao wa kompyuta shuleni: anza na futi kamba, kebo baadaye

Mwalimu akinipigia simu kutoka Rungwe, Mbozi au Makete kwamba shule imepata kompyuta kumi na sasa wanataka "ziunganishwe", swali langu la kwanza huwa hili: kutoka chumba cha kompyuta hadi ofisi ya mkuu wa shule ni hatua ngapi? Wengi hushangaa. Walitegemea niulize aina ya kompyuta, au bando. Lakini shule zetu za nyanda za juu zimekaa miteremkoni, jengo hapa, jengo kule, uwanja wa mpira katikati, na radi za masika hazina utani. Umbali na radi ndivyo vinavyochagua kebo. Ukianzia dukani kabla ya kuvijua hivyo viwili, jiandae kununua mara mbili.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho. Chumba cha mita 9 kwa 7, kompyuta 10 zimepangwa kandokando ya kuta, printa moja, na ofisi ya mkuu iliyo mita 140 ng'ambo ya uwanja. Intaneti inaingilia ofisini, kwa sababu ndiko kuliko na mlango wa chuma.

Hatua ya kwanza: kubalianeni mtandao utafanya nini

Mtandao si intaneti. Kompyuta zilizounganishwa zinaweza kutumia printa moja na kufungua mafaili yaliyo kwenye kompyuta ya mwalimu hata kama bando limekwisha tangu juzi. Bila mtandao, kazi hiyo inafanywa na flashi inayozungushwa na kiranja, pamoja na virusi vyake. Video ya somo yenye megabaiti 700 (baiti moja ni biti nane) hupita kwenye mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde kwa muda wa kama dakika moja. Kwenye mtandao wa gigabiti 1 ni sekunde 6 hivi, kama diski za kompyuta hazibaki nyuma. Andikeni kwenye karatasi mnachotaka: kuchapa, kugawana mafaili, intaneti, au vyote. Msonge mbele.

Hatua ya pili: pima, kisha chora

Chukua futi kamba ya mita 50 na mtu wa kukushikia upande wa pili. Pima njia ambayo kebo itapita kweli: inafuata ukuta, inazunguka kona, inapanda juu ya mlango, inashuka tena. Umbali wa kukatiza katikati ya chumba hautakusaidia, maana hakuna kebo itakayopita hewani vichwani mwa wanafunzi.

Chumba chetu kina mzunguko wa mita 32. Swichi, yaani kisanduku chenye matundu ambamo kebo zote za chumba hukutana, ikikaa kwenye kona moja, nusu ya kebo zikaenda kushoto na nusu kulia, kompyuta ya mbali kabisa itakuwa mita 16 na wastani wake ni kama mita 8. Kila kebo iongezee mita 3: ya kushuka mezani, ya kukosea wakati wa kubana plagi (utakosea), na ya siku meza zitakaposogezwa. Mita 11 mara 10 ni mita 110. Boksi zima huwa na mita 305, urefu wa ajabu unaotokana na futi 1,000 za Wamarekani, kwa hiyo ukinunua boksi litabaki la kutosha chumba cha walimu. Maduka mengi pia hukata kwa mita.

Kwenye mchoro weka soketi za umeme, madirisha, milango, ghala la mahindi kama liko jirani (nitaeleza kwa nini), na kila mti mkubwa ulio kati ya jengo na jengo.

Hatua ya tatu: chagua umbo

Wanafunzi hukariri topolojia kwa ajili ya mtihani, kisha wakifika kazini hawajui waanzie wapi. Topolojia ni umbo tu: nani ameungwa na nani.

Umbo la basi ni kebo moja ndefu, kompyuta zote zimening'inia juu yake. Ethaneti yenyewe, aina ya mtandao wa kebo tunayotumia hadi leo, ilianza hivyo, pale Robert Metcalfe na David Boggs walipoibuni kwenye kampuni ya Xerox mwaka 1973 kwa kutumia kebo nene ya koaksia, ya ukoo mmoja na waya wa antena ya televisheni. Kebo nyembamba iliyokuja baadaye iliishia mita 185 kwa kipande, na kila ncha ilizibwa kwa kizibo cha omu 50 ili mawimbi yasirudi nyuma. Kizibo kikilegea, chumba kizima kimya. Anayesafiri kati ya Mbeya na Dar es Salaam ameshaielewa topolojia hii bila kufundishwa: lori moja likilala Kitonga, wa kwenda na wa kurudi wote wanasubiri mpaka liondolewe.

Pete ni kompyuta zinazopokezana ujumbe kwa zamu, kila moja ikimpa jirani yake. IBM waliuza mitandao ya namna hiyo tangu mwaka 1985. Darasani huwezi kuikuta leo, ila wanaotandaza faiba kati ya miji wanaipenda: katapila likikata upande mmoja, data inazungukia upande wa pili.

Wavu ni kila kompyuta kuungwa na kila nyingine. Kwa kompyuta 10 hizo ni kebo 45. Tuuache.

Linalobaki ni nyota, na ndilo la kwetu. Kila kompyuta ina kebo yake hadi kwenye swichi, na kebo ikikatika anaumia mwanafunzi mmoja. Gharama yake ni kebo nyingi zaidi, na swichi ikifa wote wamekwisha, kwa hiyo weka akiba ya swichi ndogo kabatini. (Ni swichi ya mtandao. Nimewahi kumtuma kijana sokoni Mwanjelwa akarudi na swichi mbili za taa, nzuri sana, za kubonyeza.) Kwa chumba chetu nunua ya matundu 16. Kompyuta 10, printa moja na njia ya kwenda ofisini ni matundu 12, na nafasi nne zitajaa zenyewe kabla mwaka haujaisha.

Ukiunganisha nyota ya chumba na ruta ya ofisini (kifaa kinachoingiza intaneti), umepata mti. Ni kama pale Uyole, barabara ya Tukuyu na Kyela inapochepuka kutoka barabara kuu. Mti ni sawa kabisa. Kisichofaa ni ule mtindo wa swichi nyuma ya swichi nyuma ya swichi, kila moja imechomekwa palipopatikana tundu, hadi umerudi kwenye basi bila kujua.

Hatua ya nne: chagua njia ya kupitishia data

Hapa ndipo pesa inapopotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Ndani ya chumba tumia kebo ya shaba yenye jozi nne, waya nane, iliyoandikwa CAT5E au CAT6 kwenye ganda. Zote mbili zinabeba gigabiti 1 hadi mita 100, na kwa darasa hutaona tofauti. Kila jozi imesokotwa kama ukili, na si kwa urembo. Kelele ya umeme inayotoka nje huzipata waya zote mbili za jozi kwa kiasi kimoja, na kifaa kinachopokea husoma tofauti kati ya waya hizo mbili tu, hivyo kelele inajifuta. Alexander Graham Bell alipata hataza ya ujanja huu kwa ajili ya simu mwaka 1881, na mpaka leo hakuna aliyepata njia rahisi zaidi.

Dukani kuna mtego. Kebo za bei ya chini mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Omba kipande, kwangua waya mmoja kwa wembe. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, rudisha. Alumini hukatika ukiipinda mara chache, hupoteza nguvu ya mawimbi njiani, na mwaka wa pili utaanza kuitwa kila wiki. Hata uzito unasema: boksi la shaba halisi huwezi kulibeba kwa mkono mmoja huku unapiga stori.

Sasa ule uwanja wa mita 140. Shaba imeshindwa kwa hesabu tu, maana mwisho wake ni mita 100. Ila hata ungekuwa mita 60 ningekukataza. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliunga majengo mawili ya shule moja mteremkoni kwa kebo ya shaba ya mita 60, nimeitundika kwenye nguzo za mlingoti (mkaratusi). Mita 60 ni chini ya 100, nikajiona fundi. Mwezi wa pili radi ikapiga mti nyuma ya bweni. Haikuigusa kebo yangu. Asubuhi swichi mbili, ruta na kompyuta tatu zilikuwa zimekufa. Nilipofika nikamwamkia mkuu wa shule, akaitikia marahaba kama kawaida, hakufoka. Alinipeleka chini ya ile kebo akainyooshea kidole: "Fundi, hii kamba uliyotufungia ndiyo imeleta radi ndani." Alikuwa sahihi. Waya mrefu wa shaba uliokaa nje hukusanya mshtuko wa umeme hata radi ikipiga pembeni, na majengo mawili yenye ardhi (ethi) tofauti hupeana umeme kupitia waya huohuo.

Kwa hiyo kati ya jengo na jengo zipo njia mbili tu za heshima.

Faiba. Ni uzi wa kioo unaopitisha mwanga, na kioo hakipitishi umeme, basi radi haina pa kushika. Charles Kao alionyesha mwaka 1966 kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha mwanga utasafiri mbali, na mwaka 2009 akapewa Tuzo ya Nobel. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaopita huku kwetu ni faiba hiyohiyo. Kwa shule, nunua ya modi moja (single-mode), ile ambayo kiini chake ni kama mikromita 9. Inakwenda kilomita kadhaa, kwa hiyo mita 140 ni mchezo. Agiza iliyokatwa kwa urefu wako na kufungwa ncha kabisa, kwa sababu kuunga faiba kunataka mashine maalumu na si kazi ya kisu na gundi. Ongeza mita 20 za akiba, uzizungushe kwa duara pana ukutani. Usiikunje kama kamba ya katani, mwanga utavuja kwenye kona.

Kila ncha unaweka kigeuzi kinachogeuza mwanga kuwa umeme na umeme kuwa mwanga. Faiba ya uzi mmoja inataka kigeuzi A upande huu na B upande ule. Ukinunua A mbili havitaonana maisha. Tena, faiba nyingi za kutundika huja na waya wa chuma pembeni wa kuibeba. Mbele ya radi chuma hicho hakina tofauti na shaba. Kifunge kwenye ndoano ya nje ya ukuta, ukikate hapohapo, na uingize ndani uzi wa kioo peke yake. Na usichungulie ncha ya faiba inayofanya kazi. Mwanga wake hauonekani, lakini jicho linaumia.

Redio. Antena mbili za gigahezi 5 zinazotazamana, moja kila jengo. Hazihitaji mtaro wala nguzo za katikati, na kama kuna barabara ya watu katikati huenda ndiyo njia pekee. Sharti lake ni zionane. Watu huniuliza kuhusu mvua na ukungu wa milima ya Uporoto. Kwa masafa haya na mita 140 havina madhara. Kinachoua ni majani mabichi. Mlingoti uliopandwa leo unafika usawa wa paa baada ya miaka michache tu, kwa hiyo tazama miche kabla hujafunga antena. Paa la bati usilitegemee lipitishe mawimbi. Antena ikae nje, na mlingoti wake (huu wa chuma) uungwe na ardhi, maana kebo inayoshuka kutoka juu ni ya shaba na inabeba umeme wa antena pamoja na data.

Kwa shule yetu ningechukua faiba. Ni kazi ya siku mbili, kisha unaisahau.

Na waifai ndani ya chumba je, tusiache kebo kabisa? Hewa ni moja. Kwenye waifai anasema mmoja, wengine wanangoja zamu. Kwa simu za walimu watano sawa. Kwa wanafunzi kumi wanaofungua video pamoja, utasikia malalamiko kabla ya kengele.

Hatua ya tano: pitisha kebo na ubane plagi

Pitisha kebo kwenye tranki za plastiki ukutani. Pale inapokwenda sambamba na nyaya za umeme iache mbali sentimita 20 au zaidi. Pale lazima zikutane, zivukane kwa pembe ya mraba. Usiivute kama unavuta ng'ombe, na usifunge tai za plastiki mpaka ganda likabonyea.

Plagi inaitwa RJ45 na koleo lake mafundi tunaliita krimpa. Menya ganda kama sentimita 3, nyoosha waya, zipange hivi kuanzia kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Shika plagi ikiwa kidole chake cha kubonyeza kimeelekea chini na meno ya dhahabu yakiwa juu mbele yako. Namba 1 iko kushoto. Kata waya zilingane, zisukume hadi ncha zionekane mwisho wa plastiki, hakikisha ganda lenyewe limeingia ndani ya plagi, kisha bana. Sehemu isiyosokotwa isizidi sentimita 1 na nusu.

Wengi wanauliza kwa nini kijani imetenganishwa na bluu katikati. Si ingekuwa nadhifu kupanga rangi na mwenzake moja kwa moja? Vijana hufanya hivyo, ncha zote mbili sawa, testa ya bei nafuu inawasha taa nane kwa mpangilio, wanafurahi. Kisha kebo ya mita 30 inasuasua na hakuna anayejua sababu. Kifaa kinatumia namba 3 na 6 kama jozi moja. Ukizipanga kwa unadhifu wako, namba 3 na 6 zinatoka kwenye jozi mbili tofauti, na ule ujanja wa kusokota umeuvunja. Testa ya taa haiwezi kuliona kosa hilo, kwa sababu inauliza tu kama waya umefika.

Dalili nyingine ya kuijua: mtandao wa megabiti 100 unatumia waya nne tu, namba 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inataka zote nane. Kompyuta moja ikibaki kwenye 100 wakati wenzake wako 1,000, bana upya plagi zake kabla hujalaumu kompyuta.

Hatua ya sita: wape anwani

Ruta nyingi zinakuja tayari na huduma ya DHCP, yaani mgawaji wa anwani, namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao. Iachie kazi hiyo, lakini panga. Ruta iwe 192.168.10.1, printa uipe mwenyewe 192.168.10.5, kompyuta ya mwalimu yenye mafaili 192.168.10.10, na mgawaji agawe kuanzia 100 hadi 200. Printa yenye anwani inayobadilika itakufanya uonekane mchawi kila Jumatatu.

Mgawaji awe mmoja. Mwalimu akileta ruta yake ya waifai kutoka nyumbani akaichomeka kwenye swichi bila kuzima DHCP yake, nusu ya chumba itapata anwani za nyumbani kwake.

Hatua ya saba: jaribu kwa mpangilio

Taa ya tundu kwenye swichi iwake kwanza. Haiwaki, tatizo ni kebo au plagi, usiguse mipangilio ya kompyuta. Inawaka? Fungua dirisha la amri, andika ipconfig. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kompyuta imeomba anwani ikakosa wa kuijibu, kwa hiyo kagua njia ya kwenda kwenye ruta. Anwani ikiwa sawa, andika ping 192.168.10.1. Ruta ikijibu, jaribu ping 8.8.8.8, anwani ya Google iliyo nje kwenye intaneti. Ikijibu hiyo na bado kurasa hazifunguki, kasoro iko kwenye huduma ya majina, inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani, ambayo huandikwa DNS kwenye mipangilio. Ruta ikijibu na 8.8.8.8 isijibu, uliza kwanza kuhusu bando. Usicheke, nimewahi kupanda gari kutoka Mbeya hadi Tukuyu, kilomita 70 hivi, kwa ajili ya bando.

Safari nyingine ya Tukuyu ilikuwa ya haki. Chumba kizima kimesimama, taa zote za swichi zinapepesa kwa pamoja kama zimepandwa na mashetani. Mwanafunzi mmoja mpenda usafi aliona ncha ya kebo inaning'inia, akaichomeka kwenye tundu lililo wazi. Ncha ya pili ilikuwa tayari kwenye swichi ileile. Ujumbe unaotumwa kwa wote ukaanza kuzunguka bila mwisho hadi hapakuwa na nafasi ya kitu kingine. Ukiona taa hizo, chomoa kebo mojamoja mpaka zitulie; utakayokuwa umeishika ndiyo yenyewe. Baada ya hapo ziba matundu yasiyotumika kwa selotepu.

Kila kebo iandike namba ncha zote mbili, namba ileile iwe kwenye mchoro wako, na mchoro ubandikwe ndani ya mlango wa kabati la swichi. Na lile ghala la mahindi: kama ukuta wake unapakana na chumba, kebo za upande huo zipitishe kwenye bomba gumu, siyo tranki, na uzibe matundu ya ukutani kwa saruji. Mavuno yakishauzwa panya hawahami, wanahamia kwenye plastiki laini ya kebo, na hupenda kuanzia nyuma ya kabati pasipofikiwa na ufagio.